Kufuli tatu kwa fedha, kidole kimoja kwa mtu

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Anayelilaza nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja; funguo zimegawiwa kwa wanachama watatu, kila mtu na wake, na halifunguliwi ila kikao kimekaa na watu wote wanaona. Mfumo huu wa kuweka na kukopa ulianzia vijijini Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaingia nchini kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo ni vigumu kuipata kata ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Chikongola ikiwamo, ambayo kina mama wake hawajui maana ya hisa, marejesho na mgawo. Hakuna mweka hazina anayeona kufuli tatu ni tusi kwake. Anajua zinamlinda yeye pia, maana siku hesabu ikipungua hatakuwa mshukiwa peke yake. Lakini kikundi hichohicho kina grupu la WhatsApp, grupu lina admini, na admini anaweza kumwondoa mtu kwa kidole gumba, saa nne usiku, bila kikao na bila ufunguo wa pili. Kinachobaki kwenye simu ni mstari mmoja mdogo unaotaja nani kamwondoa nani. Sababu haimo. Nasema katiba za vikundi vyetu zimpe mwanachama ulinzi uleule ambao tayari zimeupa fedha yake: asiondolewe kabla hajaambiwa kosa lake, hajapewa muda wa kujibu, na hajasikilizwa na watu wasio washtaki wake.

Grupu la simu lilipokuwa la salamu za asubuhi na picha za maua, jambo hili halikuwa na uzito. Mtu aliyetolewa alikuwa amepoteza soga. Siku hizi taarifa ya kikao inatolewa humo, orodha ya waliolipa na wasiolipa inabandikwa humo, namba ya kutumia michango iko humo, na mara nyingi uamuzi wenyewe unapitishwa humo kwa alama za vidole gumba. Mkulima wa korosho, ambaye tangu msimu wa 2024/2025 korosho yake inauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, anaipata bei ya siku kwenye simu kabla hajauona ubao wa AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika wa mazao. Na msiba, ambao katika mji huu ndio unaompima mtu kama ana watu au hana, unasafiri kwa simu: nani kafariki, kaburi linachimbwa wapi, mchango ni kiasi gani. Aliyetolewa kwenye grupu la kuzikana ametengwa, hata kama hakuna aliyelitamka neno hilo. Watu wa pwani wanajua kutengwa ni nini. Ilikuwa adhabu nzito kiasi kwamba haikutolewa ila wazee wamekaa barazani, wakamwita mtu, wakamsikia, wakamkanya kwanza. Adhabu imebaki na uzito wake. Kilichotoweka ni kikao cha wazee.

Ukizisoma katiba za vikundi hivi utaona pengo lenyewe liko wapi. Nyingi hazikuandikwa na wanachama. Ziliandikwa kwa sababu halmashauri inazidai: mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, haitolewi kwa kikundi kisichosajiliwa, na kikundi hakisajiliwi bila katiba. Kwa hiyo katibu huenda steshenari, huombwa achague katiba ya kikundi kingine iliyomo kwenye kompyuta, jina likabadilishwa, ikachapwa nakala tatu. Katiba za namna hiyo zina sura ndefu kuhusu faini. Kuchelewa kikao kuna faini yake, simu kuita kikaoni ina yake, kuongea bila ruhusa ya mwenyekiti, kutokuja bila taarifa, vyote vimepangiwa bei. Kisha hufika kifungu cha kukoma kwa uanachama, nacho husema kwa mstari mmoja: kufariki, kujiuzulu, kuugua akili, kufukuzwa. Nani anafukuza? Kwa kosa lipi? Mtu anajibu wapi? Hisa zake zinahesabiwaje siku hiyo, na mkopo wake je? Simu kuita kikaoni imetungiwa kanuni kamili kuliko kumtoa mtu duniani kwake.

Na si kwamba nchi haina kanuni ya kuazima. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano kwa marekebisho ya mwaka 1984, na ibara ya 13(6)(a) inasema kwamba haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa, ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani. Ibara hiyo haikuishia kwenye mahakama. Imetaja pia vyombo vingine vinavyohusika na uamuzi huo. Kabla ya hapo, mwaka 1961, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikuwa na shauri la bwana De Souza, mtumishi wa Halmashauri ya Mji wa Tanga, na katika shauri hilo ikaeleza misingi ambayo mawakili wanaitaja mpaka leo: mtu ajulishwe anachotuhumiwa, apewe nafasi ya kukijibu, na ikiwa misingi hiyo imevunjwa, haisaidii kitu kusema kwamba hata angesikilizwa uamuzi ungekuwa uleule. Baadaye, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts dhidi ya Jestina George Mwakyoma, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwenda mbele zaidi ikasema kusikilizwa si kanuni tu ya sheria iliyorithiwa kwa Waingereza, ni haki ya msingi ya kikatiba. Sidai kwamba mwanachama aliyetolewa kwenye grupu la kikoba akimbilie Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara na ibara mkononi. Nauli na muda peke yake vitamla kuliko hisa alizopoteza. Ninachodai ni kwamba jambo ambalo nchi imelitambua kwa zaidi ya miaka 60 halistahili kuwa geni kwa kikundi cha watu thelathini.

Msingi ule wa De Souza kuhusu matokeo ndio unaowakera watu wengi, nao ndio wenye maana kubwa kwenye simu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanachama anatuhumiwa kwamba alipokea marejesho ya wenzake wawili kwenye simu yake na hakuyafikisha. Ushahidi ni picha ya ujumbe wa muamala iliyotupwa kwenye grupu. Wanachama wanaona kiasi, jina na tarehe, hasira zinapanda, ndani ya nusu saa ametolewa. Angeulizwa, huenda angeonesha kwamba muamala ule ulirudishwa na mtandao, au kwamba fedha ilikatwa na mkopo wa simu aliokuwa akidaiwa, kosa ambalo bado ni kosa lakini si wizi, au kwamba picha yenyewe imehaririwa, jambo ambalo kijana yeyote mwenye simu janja analiweza. Huenda pia asingekuwa na la kusema. Hoja ni kwamba grupu halikujua, na likaamua kana kwamba linajua. Picha ya ujumbe ni ushahidi dhaifu sana kwa kitu kinachoaminiwa kiasi hiki. Chanzo cha uhakika ni taarifa ya miamala inayotolewa na kampuni ya simu yenyewe, na kuipata kunachukua siku kadhaa. Siku hizo ndizo ambazo kifungu cha katiba kingezinunua.

Mkoa huu una kumbukumbu yake ya tuhuma kutangulia maelezo. Msimu wa korosho wa 2018 wakulima walikataa bei za mnadani, na Novemba ya mwaka huo Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Kabla ya malipo ukaja uhakiki. Nia yake ilieleweka: kuwabana kangomba, walanguzi wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika hapa mwaka 2007. Aliyeshukiwa alitakiwa aoneshe shamba. Lakini katika mkoa ambao korosho za mama mjane, za mdogo mtu na za shamba la urithi huweza kwenda ghalani kwa jina la mmoja mwenye akaunti benki, mzigo mkubwa si ushahidi wa ulanguzi, na mtu mwaminifu alijikuta akibeba kazi ya kujitoa kwenye tuhuma huku malipo yake yakisubiri. Na bado, pamoja na malalamiko yote, uhakiki ule ulikuwa na kitu ambacho magrupu yetu mengi hayana. Mtu aliulizwa. Alipewa nafasi ya kumpeleka mhakiki shambani akamwonesha mikorosho.

Nje ya nchi, tukio ninaloliona lina somo kubwa zaidi kwa vikundi vyetu ni la Wikipedia ya Kiingereza mwaka 2019. Wikipedia inaendeshwa na watu wanaojitolea, wana kanuni zao, na wana kamati ya usuluhishi waliyoichagua wenyewe. Juni mwaka huo taasisi ya Wikimedia, iliyoko Marekani na ndiyo inayomiliki mitambo, ilimfungia kwa mwaka mzima msimamizi mmoja wa siku nyingi anayetumia jina la Fram, bila kupitia kamati ile, na bila kumwonesha ushahidi uliotumika. Taasisi ilisema inawalinda waliolalamika, na sababu hiyo haikuwa ya kudharauliwa. Hata hivyo wasimamizi kadhaa walijiuzulu, si wote kwa kumpenda Fram, maana alikuwa mtu mkali na wengi walishawahi kuumizwa na maneno yake. Walijiuzulu kwa sababu waliona kwamba linaloweza kumpata yeye gizani linaweza kumpata yeyote. Mwishowe ushahidi ulikabidhiwa kwa kamati, nayo Septemba ikaufuta ule ufungiaji kwa kuwa ushahidi haukuubeba, lakini haikumrudishia usimamizi. Hapa ndipo ninapowataka wasomaji watulie kidogo. Kusikilizwa hakukumsafisha. Kulitoa hukumu iliyomfaa: ndogo kuliko ile ya kwanza, na bado hukumu. Wengi wetu tunadhani anayedai mtu asikilizwe anadai aachiwe, na kwa dhana hiyo tunamwona kila anayetaja utaratibu kuwa ni mtetezi wa wezi.

Kampuni kubwa zenyewe zimelazimika kuelekea huko. Tangu Agosti 2023 sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya inazitaka zimweleze mtumiaji sababu kila zinapomwondolea maandishi au kumfungia akaunti, na ziwe na njia ya ndani ya kulalamika. Mtumiaji wa Lisbon analindwa dhidi ya kampuni. Mwanachama wa Chikongola anayetolewa na jirani yake hana sheria ya Brussels ya kumsaidia, wala hatakiwi kuingojea. Ana katiba ya kikundi chake, hati ambayo yeye na wenzake wanaweza kuibadilisha Jumamosi ijayo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la haraka. Mtu anayetapeli grupu usiku huu hasubiri siku saba; akibaki humo atatuma namba ya uongo, watu watapeleka michango ya msiba kwake, na asubuhi simu yake haipatikani. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake liko katika kutofautisha mambo mawili ambayo tumeyachanganya: kuzuia na kufukuza. Kuzuia kunahitaji dakika. WhatsApp imempa admini uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, na uwezo wa kufunga grupu ili maadmini peke yao watume. Anaweza kuutumia mara moja, na katiba imruhusu, hata imwamuru. Inaweza pia kumruhusu amwondoe mtu kwa muda pale ambapo hakuna namna nyingine. Ila kizuizi kiwe na mwisho wake ulioandikwa, tuseme siku saba, na kikiisha bila kikao kukaa, mtu anarudi. Kufukuza ni jambo jingine, kwa kuwa kunagusa hisa, mgawo na heshima. Hilo halina haraka hata siku moja. Fedha yenyewe tumeilinda namna hiyo: kwenye huduma kama M-Koba, kutoa fedha ya kikundi kunahitaji ridhaa ya viongozi zaidi ya mmoja, na hakuna anayelalamika kwamba ridhaa ya pili inachelewesha mambo. Tumekubali kuchelewa kwa ajili ya shilingi elfu hamsini.

Lipo pingamizi la upande wa mlalamikaji, na hili linahitaji uangalifu zaidi kuliko majibu. Binti aliyetumiwa picha za aibu na kiongozi wa kikundi, au mwanachama anayemtuhumu mume wa mwenyekiti, hawezi kuambiwa asimame mbele ya kikao amkabili mtu huyo kwa macho, halafu tuite hilo haki. Utaratibu ulioandikwa vibaya unaweza kuwa silaha ya mwenye nguvu: anaita vikao, anadai mashahidi, anachosha watu mpaka mlalamikaji anaomba yaishe. Nakubali hivyo. Kwa mashauri ya aina hii katiba inaweza kuficha jina la mlalamikaji, ikamruhusu aandike badala ya kusema, na ikatoa wajumbe wawili wanawake kumsikiliza pembeni. Kinachoweza kufichwa ni jina. Tuhuma yenyewe haiwezi kufichwa, kwa sababu mtu hawezi kujibu asilolijua. Anapoambiwa tu kwamba ametolewa kwa utovu wa nidhamu, hajaambiwa kitu. Na tusisahau kwamba mlalamikaji ndiye wa kwanza kuumia pale ambapo hakuna utaratibu, maana admini akiwa ni rafiki wa mkosaji, anayetolewa ni yeye aliyelalamika. Kifungu cha kusikilizwa ni chake pia.

Wapo watakaosema grupu ni la aliyelianzisha, amejitolea, analipia bando lake, na asiyeridhika mlango uko wazi. Kwa grupu la mashabiki wa mpira sina ugomvi na jibu hilo. Kila mtu na baraza lake. Kwa kikundi kinachoshika fedha za watu jibu hilo limepitwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa katika daraja la nne la watoa huduma, chini ya Benki Kuu iliyozikasimia halmashauri kazi ya kuvisimamia. AMCOS ina Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na Mrajis wake. Kikundi hakiwezi kuwa chombo chenye usajili kinapoomba mkopo, kikageuka sebule ya mtu kinapomfukuza mwanachama. Na hata huyo admini aliyejitolea, ukimwangalia vizuri, hana raha na madaraka aliyopewa. Ndiye anayepigiwa simu usiku amtoe fulani. Akimtoa ana maadui upande mmoja, asipomtoa ana maadui upande wa pili, na akiwa mwenyewe ndiye aliyegombana na mtuhumiwa, wote wanakumbuka kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kifungu kinachosema uamuzi si wa admini kinampa neno la kuwajibu wote.

Nimesikia pia hoja kwamba haya ni mambo ya mawakili, kwamba sisi humaliza kwa sulhu na wazee, na kwamba ukileta vifungu umeleta uadui. Sulhu ni njema na ianze. Lakini sulhu ni baada ya watu wawili kusikilizwa, si badala yake, na grupu lililomtoa mtu usiku limeiondoa nafasi ya sulhu kabla mzee yeyote hajaamka. Kuhusu mawakili, nchi hii ina mfano ulio karibu na kila mlango. Mabaraza ya Kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, yakawa yanasikiliza watu bila mawakili, kwa Kiswahili, bila ugumu wa taratibu za mahakama, na hata baada ya marekebisho ya mwaka 2021 kuyaondolea mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi yamebaki na kazi ya kupatanisha. Mabaraza hayo yana kasoro zake na yamelalamikiwa sana, mara nyingi kwa upendeleo. Lakini hayajawahi kumwambia mtu kwamba ili asikilizwe ni lazima ajue sheria. Kinachotakiwa katika kikundi ni chepesi zaidi ya hapo. Vikoba vyenyewe vimepangwa katika makundi ya watu watano watano wanaodhaminiana. Shauri la mtu wa kundi moja lisikilizwe na watu watatu wa makundi mengine, wasio na mkopo kwake wala udugu naye. Asiyeridhika apeleke rufani kwenye mkutano wa wanachama wote. Vyombo vipo, hakuna cha kuunda.

Kifungu chenyewe hakizidi nusu ukurasa. Kiseme kwamba, ukiacha kile kizuizi cha muda, mwanachama hatatolewa katika kikundi wala katika grupu lake la simu mpaka apewe tuhuma kwa maandishi, hata kama maandishi hayo ni ujumbe kwenye simu yake mwenyewe na si kwenye grupu. Apewe siku saba za kujibu, kwa kuandika au kwa kusema, pamoja na mtu mmoja wa kumsaidia. Aliyemtuhumu asiwe miongoni mwa wanaoamua. Uamuzi utolewe na sababu zake na uandikwe kwenye daftari la mihutasari. Rufani ikatwe ndani ya siku kumi na nne. Na hisa zake, baada ya kukatwa deni, zilipwe hata kama amefukuzwa. Kiseme pia kwamba grupu liwe na maadmini watatu na kwamba kumwondoa mtu bila muhtasari wa kikao, nje ya kizuizi hicho, ni kosa la admini, lenye faini yake. Faini tunazijua vizuri.

Ugumu uko kwa nani atakayeanza, kwa sababu mwanachama anayependekeza kifungu cha namna hii katikati ya mgogoro huonekana ana mtu wake. Ndiyo maana naielekeza hoja hii kwanza kwa maofisa maendeleo ya jamii wa kata, ambao katiba hizi hupita mezani kwao kabla ya usajili na kabla ya mkopo. Mikopo ya halmashauri ilisimamishwa mwaka 2023 ikaanza tena mwaka 2024 kwa masharti mapya, kwa hiyo kuongeza sharti si jambo lisilowezekana. Katiba ya mfano iliyoko kwenye kompyuta ya steshenari ikibadilishwa ukurasa mmoja, itasambaa kwa kasi ileile ambayo ile ya zamani ilisambaa. Kwa vikundi vilivyokwisha kusajiliwa, wakati wa kurekebisha ni baada ya mgawo, kwenye kikao cha kwanza cha mzunguko mpya kabla hisa ya kwanza haijanunuliwa. Siku hiyo hakuna mwenye deni na hakuna mwenye kesi, na hakuna anayejua kama mwaka huo atakuwa mshtaki au mshtakiwa.